Njia Ndani ya Kichwa cha Soila

Vumbi la Olbalbal halina adabu. Huingia machoni mwa mtu bila kupiga hodi, hulala juu ya maziwa, hukaa katika mikunjo ya shuka hata ulikung'ute namna gani. Wakati wa kiangazi huamka pamoja na ng'ombe, likasimama juu ya uwanda mweupe mpaka jua lenyewe lichoke. Lakini vumbi hilo huandika. Unyayo wa mtu, kwato la punda, mkia wa mjusi, vyote huviandika na kumwachia anayejua kusoma. Tajewo alijua kusoma.

Asubuhi hiyo walikuwa wakienda majini. Punda walitangulia na madebe matupu yakigongana ubavuni, Soila akafuata punda, na Tajewo, mumewe, akafuata nyuma, fimbo begani. Njia ilikuwa imenyooka. Nyayo za Soila hazikunyooka. Ziliiacha njia kidogo kidogo kuelekea kulia, kisha zikashtuka zikarudi, kisha zikaiacha tena, kulia, kulia daima.

Tajewo akasimama.

Nyayo za namna hiyo alikuwa amezisoma maisha yake yote, ila hakuwahi kuziona chini ya miguu ya mtu. Ni nyayo za mbuzi anayeanza kuwaacha wenzake. Ni nyayo za kondoo aliyeshikwa na ormilo, ugonjwa wa kuzunguka, ambaye leo huchepuka kidogo, na mwezi ukiisha huzunguka palepale alipo, upande mmoja tu, mpaka aanguke.

"Baba Naisula!" Soila aliita bila kugeuka. "Umechomwa na mwiba?"

"Hapana."

"Basi tembea. Jua halina mkataba na wewe."

Alitembea. Aliweka kiatu chake cha tairi juu ya unyayo wa mkewe, akaufuta. Akaweka juu ya mwingine, akaufuta. Akafuta mpaka wakafika majini. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na Tajewo aliijua sana methali hiyo. Lakini yale hayakuwa maradhi yake, na aliyaficha vilevile.

Mikono ya Tajewo ilikuwa na jina. Kutoka Olbalbal mpaka Oloipiri watu walimjua, na hata mwaka ule wa 1983, mafuta yalipokuwa shida na magari yakipita kwa nadra, watu walitembea kwa miguu wakiwa wamebeba mbuzi mabegani ili awafikie. Kazi yake aliifanya hivi. Alikilaza kichwa cha mnyama pajani. Alisema naye polepole, maneno yasiyo na maana, ya kumtuliza tu. Kidole gumba kikatembea juu ya fuvu, kikibonyeza, kikisikiliza, mpaka kikafika pale ambapo mfupa ulikuwa umelainika kama ganda la yai bovu. Hapo ndipo alipochana ngozi, akafungua kidirisha kidogo katika mfupa, na ndani yake kikaonekana kile alichokuwa akikitafuta, mfuko mweupe uliojaa maji maangavu, ukitetemeka.

Ustadi wote ulikuwa katika kuutoa mfuko ule mzima. Ukipasuka ndani, umeua. Basi aliuvuta kwa ncha za vidole, pumzi ameibana, jasho likimtiririka mpaka kidevuni, mpaka mfuko ukaja wote mkononi mwake. Kisha akarudisha ngozi, akapaka mafuta, akangoja. Wengine walikufa. Lakini wengine waliinuka, wakatazama huku na huku kama watu walioamshwa usingizini, wakaondoka wakitembea sawasawa. Furaha ya kumwona mnyama wa namna hiyo akiifuata njia tena ilimlevya Tajewo kuliko pombe ya asali.

Kwa hiyo kwake yeye ugonjwa wa kichwa ulikuwa mfuko. Ulikuwa na mwanzo na mwisho, ulikuwa na ndani na nje. Ukiupata mpaka wake, umeupata wenyewe. Hilo lilikuwa kosa, lakini mtu asimcheke. Lilikuwa kosa la mikono iliyokuwa imemwambia kweli miaka mingi, na nani huacha kuiamini mikono yake?

Soila naye alikuwa na mdomo. Hilo si tusi. Mwenyewe alilisema kwa kujivuna. Alisema na ng'ombe, alisema na moto uliokataa kuwaka, alisema na mume aliyekaa kimya kama jiwe la kunolea. Akikamua, boma lote lilisikia habari za jana na za kesho. Ndiyo maana siku alipokaa kimya chini ya ng'ombe, watu waligeuka kutazama. Kibuyu kilikuwa kimemponyoka mkono wa kushoto. Maziwa yalikuwa yakienda zake katika samadi, na Soila aliutazama mkono wake kama mtu anayemtazama mgeni asiyejua kusalimia.

"Umelala," alisema akiutikisa. "Mkono mvivu huu."

Mkono haukuamka. Asubuhi kichwa kilimuuma mpaka akatapika, na jua likipanda maumivu yalipungua, na siku ya pili yake yakarudi mapema zaidi. Tajewo akamwambia alaze kichwa pajani mwake, eti amtazame kibanzi sikioni. Kidole gumba kikaanza safari. Kikapita nyuma ya sikio, kikapanda utosini, kikashuka kulia, kikibonyeza na kusikiliza.

"Baba Naisula."

"Naam."

"Unanipima kama mbuzi?"

Kidole kikasimama. Soila alicheka, na Tajewo akacheka kwa sababu yeye amecheka, na hakuna hata mmoja kati yao aliyefurahi. Kidole hakikuwa kimepata mahali palipolainika. Mfupa ulikuwa mgumu kila upande, mgumu wa mtu mzima mwenye afya, na jambo hilo lilimtisha kuliko kama angepata shimo.

Elisaria, mganga wa zahanati, Mmeru aliyekuwa amekaa kwa Wamasai mpaka akaota nao ndoto moja, alimmulika Soila macho kwa tochi, moja baada ya jingine. Kisha akasema, "Mama Naisula, hapa kwangu kuna dawa ya malaria na ya minyoo. Wewe huna malaria wala minyoo. Nendeni Karatu, na Karatu watawapeleka mbele."

Wakapanda lori. Njia ikapanda nao hadi kwenye ukungu wa ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano ya zamani, ikashuka upande wa pili, na vumbi jeupe likawa jekundu, na mashamba ya ngano ya Wairaqw yakafunguka kulia na kushoto. Soila alikuwa ameegemea bega la mumewe, kitambaa kichwani, akilalamika kwamba dereva ameuza breki zake. Karatu waliwapeleka mbele kama Elisaria alivyosema, mpaka hospitali kubwa ya mjini, na huko walimkuta daktari wa upasuaji aliyeitwa Wilibrodi. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye vidole virefu. Tajewo alivitazama vidole vile kwanza, uso baadaye.

"Kuna uvimbe," daktari alisema. "Uko upande wa kulia wa ubongo. Nitafungua."

Hapo Tajewo alipata nafuu yake ya kwanza tangu siku ya nyayo. Atafungua! Basi kumbe kazi ni moja, kumbe daktari na yeye ni watu wa ufundi mmoja. Alimsogelea akamshika mkono, mkono wa fundi kwa fundi.

"Daktari, usikimbilie. Ukiuona mfuko usiupasue. Utoe mzima."

Wilibrodi hakucheka. Alitaka kusema neno, akalimeza, akaitikia kwa kichwa tu. Pengine angelisema siku ile, mambo yangekwenda njia nyingine. Lakini wagonjwa walikuwa wengi na siku ilikuwa fupi.

Tajewo alingoja nje, kwenye ukuta wa jua. Alibana pumzi alipohisi kwamba ndani wanabana pumzi. Vidole vyake vilivuta hewa. Daktari alipotoka, kofia yake imelowa jasho, Tajewo alinyoosha kiganja.

"Nionyeshe mfuko."

"Hakukuwa na mfuko, mzee. Nimetoa kiasi nilichoweza."

Walimwonyesha bakuli. Ndani yake kulikuwa na vipande vya rangi ya majivu, vilegevu, kama ugali uliokosa unga. Damu ikampanda kichwani. Ameupasua! Huyu mtu wa vidole virefu ameupasua! Alimwambia daktari kwamba Soila tayari ameuawa, alimwambia hata mtoto wa mbuzi hakatwi hivyo, na sauti yake ilisikika wodi tatu. Wilibrodi alisimama akasikiliza mpaka mwisho. Tajewo aliondoka bila kumpa mkono.

Lakini Soila hakufa. Hilo ndilo lililokuja kumchanganya akili Tajewo. Soila aliamka, akadai chai, akasema chai ya mjini ni maji ya kuoshea vikombe. Wiki zikapita. Mkono wa kushoto ukaanza kukumbuka kazi yake. Walirudi Olbalbal na mvua za kwanza, na nyayo zake juu ya udongo laini zilikuwa zimenyooka kama kamba ya ngozi. Alikamua. Alisimulia habari za mjini kwa ng'ombe waliokuwa hawajazisikia. Tajewo alijipa moyo. Alisema pengine ule mfuko uliopasuka ulikuwa umekauka wenyewe, pengine Mungu aliamua kusahihisha kazi ya daktari.

Msimu mmoja aliishi hivyo, akitazama chini kila mkewe anapopita. Mtu aliyeogopa mara moja huzoea kutazama chini.

Nyasi zilipokauka aliziona tena. Nyayo za Soila zilikuwa zikiiacha njia. Safari hii hazikwenda kulia. Zilikwenda kushoto.

Jambo hilo hakulielewa, na kutolielewa kulimnyima usingizi. Mnyama mwenye mfuko upande wa kulia huzunguka kulia mpaka afe. Mfuko hauhami. Hauna miguu. Basi itakuwa mifuko ni miwili, na yule daktari aliona mmoja akaacha mwingine. Sasa mkono wa kulia ndio uliolegea, ule wa kukamulia, na maumivu ya asubuhi yakarudi yakiwa yamekomaa. Siku moja Soila alimwita ndama akamwambia, "Njoo hapa, kibuyu." Alishtuka, akacheka, akajisahihisha. Watu wakacheka naye. Tajewo alikwenda nyuma ya nyumba akasimama peke yake.

Boma likaanza kusema. Parsimei, kaka yake Soila, alitembea kutoka Oloipiri akaja kukaa, na ukaaji wake ulikuwa wa mtu anayedai.

"Shemeji, mikono hii Mungu alikupa ya nini?"

"Mganga hajigangi, Parsimei."

"Hujaambiwa ujigange. Umeambiwa umgange dada yangu."

Tajewo alikichukua kile kisu kidogo cha kazi yake, akakinoa siku nzima. Alikinoa mpaka kikanyoa nywele za mkono bila kugusa ngozi. Lakini alisema kwanza atakwenda Karatu. Wilibrodi alikuwa amepanda huko kuwatibu wagonjwa waliokuwa mbali na mji, na Tajewo alitaka amwambie usoni wapi alipouacha mfuko wa pili, ili asipoteze muda akiutafuta.

Alimkuta katika chumba cha kupimia damu. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na ugomvi haukupokelewa. Daktari alimpa kiti. Alisikiliza habari ya nyayo, ya kulia na ya kushoto, akafumba macho.

"Ni kosa langu kutokukueleza siku ile," alisema. "Njoo uone mwenyewe."

Juu ya meza palikuwa na hadubini, kile chombo cha kukuza vitu ambacho hospitali ilitumia kutafutia malaria. Wilibrodi alitoa mkobani kipande cha kioo, alichokuwa amekileta kutoka mjini akitumaini kumkuta Tajewo, akakiweka chini yake. Alisema juu ya kioo kile kuna utando mwembamba wa ile nyama aliyoitoa kichwani mwa Soila, umetiwa rangi ili uonekane.

"Funga jicho moja."

Tajewo alifunga. "Naona zambarau."

"Ngoja. Usilikimbize jicho."

Alingoja. Zambarau ikatulia, ikaanza kuwa na sura. Aliona nyuzi, nyingi, ndefu, zimelala pamoja zikielekea upande mmoja. Na juu ya nyuzi, na kandokando ya nyuzi, aliona madoa meusi. Hayakuwa yametawanyika ovyo. Yalikuwa yamejipanga, moja nyuma ya jingine, yamejibana na kurefuka kama vitu vinavyopita mahali pembamba.

"Nyuzi hizo ni za fahamu," alisema Wilibrodi. "Kichwa kikitaka mkono ushike, habari hupita humo. Kikitaka ulimi useme, hupita humo."

"Na haya meusi?"

"Hizo ni chembe za uvimbe."

"Zimepanga mstari."

"Zinasafiri."

Tajewo aliinua kichwa. "Nani amezionyesha njia?"

"Hakuna. Njia zilikuwepo."

Alirudisha jicho kwenye kioo. Na katika kile kipande kidogo kuliko kucha, Tajewo aliona ukuta wa kreta. Yeye na Soila wote walizaliwa chini kule, kwenye nyasi za kreta, na mwaka wa 1974, serikali ilipowahamisha kuwapisha wanyamapori, walipandisha ng'ombe wao juu na kuambiwa kule chini si kwao tena. Watu walitii. Ng'ombe hawakutii. Kila mlango ukiachwa wazi waliondoka, mmoja mmoja, bila kelele, wakashuka kwenye vijia ambavyo mama zao na nyanya zao walikuwa wamevichimba kwa kwato ukutani. Waliziba kijia kimoja kwa miiba, ng'ombe wakashika kingine. Hawakuvunja kichaka wala hawakutengeneza njia mpya. Walifuata iliyokuwepo, wakibana ubavu na mwamba, na ulipogundua mmoja amepotea, wengine walikuwa wameshafika chini zamani.

"Kile kiini nilikitoa," daktari aliendelea. "Lakini kabla sijafungua, nyingine zilikuwa zimekwisha ondoka, zikishika uzi na kujivuta. Katikati ya kichwa kuna daraja la nyuzi kutoka kulia kwenda kushoto. Zimevuka hapo."

"Fungua kushoto."

"Nizitafute wapi? Zimechanganyika na nyuzi zenyewe. Nikitaka kuzitoa zote itabidi nizitoe na njia zake. Na njia hizo, mzee Tajewo, ndizo zinazomfanya awe mkeo. Nitakurudishia mwili."

Tajewo aliuliza kama hakuna jingine duniani. Wilibrodi alisema iko mionzi, Dar es Salaam, ambayo pengine ingezichelewesha. Lakini kwa jinsi hali ilivyosimuliwa, mgonjwa asingefika akiwa hai. Alimpa vidonge vya kupunguza maumivu. Alimpa na mkono, na safari hii Tajewo aliupokea.

"Wapi zinakwenda sasa?" aliuliza mlangoni.

"Ameanza kukosa maneno?"

Tajewo akamfikiria ndama aliyeitwa kibuyu. "Ameanza."

"Basi huko ndiko."

Njia nzima ya kurudi hakuona msitu wala ukungu. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kumwangukia. Unamkasirikia nani? Uzi? Ule uzi uliopeleka mkono wa Soila kwenye chuchu ya ng'ombe ndio uliowabeba hawa wasafiri. Ule uliopeleka kicheko mdomoni ndio uliokuwa ukiwabeba sasa hivi, wakati lori linapanda mlima, wakati yeye amekaa juu ya magunia na hana la kufanya. Njia haikukosa. Njia ilikuwepo tu.

Alipofika bomani jua lilikuwa limepanda, na watu walikuwa wamekusanyika. Ngozi mpya ilikuwa imetandikwa kivulini mwa nyumba. Maji yalikuwa yamechemshwa. Kisu kilikuwa juu ya ngozi kimefunikwa majani mabichi, na Soila alikuwa amekalishwa kando yake, kichwa kimenyolewa, kovu la hospitali likionekana wazi upande wa kulia.

"Tumekungoja wewe tu," alisema Parsimei.

"Sifungui."

Wanawake wakaguna. Parsimei alisimama. "Unaogopa."

"Naogopa."

"Kondoo wa kila mtu hapa umewafungua! Kichwa cha dada yangu ndicho kilichokushinda?"

Tajewo aliinama akakichukua kisu, na watu wakabana pumzi wakidhani ameshawishika. Alikigeuza. Alimpa shemeji yake mpini.

"Shika wewe. Mpaka wake uko wapi? Nionyeshe tu nianzie wapi na nikomee wapi."

Parsimei alikishika. Alikisogeza karibu na kichwa kile alichokuwa amekibeba mgongoni akiwa kijana na dada yake akiwa mtoto mchanga. Alitazama upande wa kovu. Alitazama upande usio na kovu. Machozi yakamtoka mbele ya wanawake, yeye mwanamume mzima mwenye ng'ombe wengi. Alikirudisha kisu juu ya majani.

"Mwenye kichwa yupo hapa," alisema Soila. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, kama ya mtu aliyetafuna kitu. "Mbona haulizwi?"

Wote wakamgeukia.

"Baba Naisula, nifungue. Nikifa mkononi mwako si neno. Nimechoka kuumwa."

Tajewo alipiga magoti mbele yake kwenye vumbi. Alimpenda mwanamke huyu, na alikuwa hajawahi kumwambia, maana mtu anaambiaje jambo linalojulikana kama jua? Alimshika ule mkono wa kulia uliolegea. Alimweleza yote aliyoyaona, ile zambarau, nyuzi, madoa yaliyojipanga, daraja. Alimwambia habari ya ng'ombe wa kreta. Alimwambia hakuna mfuko, hapakuwa na mfuko tangu mwanzo, na kwamba daktari hakupasua kitu.

Soila alisikiliza, kichwa ameinamisha upande.

"Wewe umeziona kwa macho yako?"

"Kwa jicho moja."

"Kwa hiyo kichwa changu kimekuwa kreta." Alifikiri. "Na watalii wanalipa getini. Hizi zimeingia bure."

Mtu mmoja alicheka, akajuta.

"Na sasa zinakwenda wapi?"

Tajewo alitaka kudanganya. Alifungua mdomo ili adanganye, na uongo ukakataa kutoka, maana Soila alikuwa akimtazama vilevile alivyomtazama siku zote akijua.

"Kwenye maneno," alisema.

Hakulia. Alikaa akitazama mbele, midomo ikisogea kidogo bila sauti, kama mtu anayegusa vyombo vyake kimoja kimoja gizani ajue kama vyote vipo. Kisha akainua kichwa.

"Parsimei, wapeleke watu wakanywe chai. Na hicho kisu kiondoeni, kinanitazama. Baba Naisula, wewe kaa."

Wakaondoka. Tajewo akakaa.

Na Soila akasema. Alianza na ugomvi, kama desturi yake. Alisema juu ya yule mtamba wa madoa ambaye Tajewo alimpa rafiki yake mwaka wa ukame bila kumwuliza mkewe, na kwamba alimchukia misimu miwili kwa ajili ya mtamba yule, na kwamba sasa amemsamehe lakini rafiki yule bado ni mlafi. Alisema siku Tajewo alipokuja kwa baba yake mara ya kwanza, kichwa kinang'aa mafuta, yeye alijificha nyuma ya ndama akacheka masikio yake. Alisema binti yao Naisula asiozwe. Amalize shule Endulen kwanza, na atakayekuja na ng'ombe kabla ya hapo afukuzwe na ng'ombe wake.

"Ahidi."

"Nimeahidi."

"Sema kwa sauti."

Alisema kwa sauti. Soila akaendelea. Alisema mti gani wa kufukizia kibuyu cha nani, maana kila mtoto ana harufu anayoitaka. Mahali pengine neno lilikosekana. Alisimama, mkono wa kushoto ukapapasa hewani, jasho likamtoka puani, na Tajewo akaliona neno lenyewe, akalijua, likawa limefika ncha ya ulimi wake. Alilibana. Alimngoja alitafute mwenyewe, akiogopa kama alivyowahi kuogopa wakati wa kuvuta mfuko mzima kutoka kwenye mfupa. Soila akalipata. Akalisema mara mbili, akapita nalo.

Alisema alivyomwogopa usiku wa kwanza. Alilitaja jina la mtoto wao aliyekufa, ambalo hawakuwa wamelitaja tangu azikwe. Alisema alivyokuwa akimsikia Tajewo kila asubuhi akikohoa nje, na kwamba kikohozi kile kilimwambia siku imeanza vizuri. Alisema na kusema, na kivuli cha nyumba kikarefuka, na jua likageuka jekundu.

Kwa mbali ng'ombe walianza kurudi. Kengele zilisikika kwanza, kisha kwato, kisha vumbi lenyewe likafika, la dhahabu, likapita juu ya ua wa miiba na kuwaangukia wote wawili usoni. Mwanamume wa Kimasai ng'ombe wake wakiingia husimama mlangoni. Huwatazama mmoja baada ya mwingine, aliyechechemea, aliyekonda, aliyekosekana. Tangu awe na ng'ombe wa kwanza Tajewo hakuwahi kuwaacha waingie bila jicho lake. Walimpita karibu, wakamnusa shuka, wakamlilia. Hakuinuka.

Soila alinyamaza. Alimtazama kwa mshangao.

"Ng'ombe wako wanaingia," alisema. "Nenda ukawaone."

"Endelea," alisema Tajewo. "Wewe endelea kusema."